Kufufua Gari la Michezo la Zamani Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya wanaotaka kufufua gari la michezo la zamani kwa mikono yao ni yale yale kila mara: ninunue gari lipi, nianzie wapi, rangi ipakwe lini, na kwa nini gari langu limelala vipande vipande kwa miaka mitatu bila kusogea. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa kawaida mwenye gari alilifungua lote ndani ya wiki moja, kwa kuwa kufungua nati ni kazi tamu inayoonyesha matokeo upesi, kisha akajikuta mbele ya rundo la vyuma asijue kipi kinatangulia kipi. Ufundi wenyewe hupatikana njiani kwa mwenye subira. Mpangilio wa kazi ndio unaopaswa kujulikana kabla ya spana ya kwanza kushikwa, na ndio nitakaoueleza hapa hatua kwa hatua.

Mfano nitakaoutumia ni MGB, gari lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980. Magari hayo yalitoka zaidi ya 500,000, na vipuri vyake karibu vyote vinaendelea kutengenezwa, hata bodi nzima mpya, ambayo kampuni ya British Motor Heritage ilianza kuitoa mwaka 1988. Isitoshe, ni gari ambalo mtu mmoja anaweza kulielewa lote: injini ya silinda nne yenye ujazo wa cc 1,798, kabureta (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa), na umeme wa nyaya chache. Kama gari lako ni Triumph Spitfire, Datsun 240Z au Alfa Romeo Spider, mpangilio ni huu huu, ila vipimo utavitoa katika kitabu cha gari lako.

Kabla ya kununua

Nenda na tochi, sumaku na bisibisi ya zamani. Injini mbovu isikutishe, kwa sababu injini hutolewa na kutengenezwa mezani. Kinachopaswa kukutisha ni kutu. MGB haina chasi iliyo peke yake: bodi ndiyo chasi, na nguvu ya bodi hiyo imo katika vizingiti vilivyo chini ya milango, hasa katika gari lisilo na paa la chuma. Pitisha sumaku juu ya vizingiti, sehemu za chini za mabawa ya mbele na ya nyuma, na kingo za sakafu. Mahali isiposhika pana pati (kijazio cha kusawazishia bodi) nene iliyofunika shimo. Ingia chini utazame pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye bodi upande wa mbele, kisha inua kifuniko kilicho nyuma ya viti ukague vibebeo vya betri, maana huko ndiko maji na asidi hufanya kazi yao kimya kimya. Mwisho, funga milango na utazame nafasi iliyo kati ya mlango na bodi. Ikiwa imebana juu na kupanuka chini, gari limelegea katikati, na kulinyoosha ni kazi ambayo sikushauri uianze ukiwa mgeni.

Linganisha pia namba ya bodi na ya injini na hati za gari. Kisha hesabu vitu vidogo visivyokuwepo: vipande vya kromu, vishikio, saa za dashibodi, fremu ya kioo cha mbele. Gari lililokamilika lenye injini iliyokwama ni bora kuliko lenye injini nzuri ambalo nusu ya vitu vyake imepotea.

Unachohitaji

Usianze kabla ya kuwa na vitu hivi:

- Chumba kikavu chenye sakafu ngumu na tambarare. Gari lililofunguliwa huhitaji nafasi karibu mara mbili ya lililo zima, kwa hiyo weka rafu ukutani mapema.
- Kitabu cha ufundi cha kiwandani pamoja na orodha ya vipuri yenye michoro inayoonyesha kila kipande kilivyopangwa. Wakati wa kurudishia, michoro hiyo itakufaa kuliko maelezo.
- Spana za inchi. Nati nyingi za MGB ni za 7/16, 1/2 na 9/16, na spana ya milimita iliyo karibu na kipimo hicho huzila kingo.
- Jeki imara na stendi nne. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.
- Spana ya kupimia mkazo, filageji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), kipima mgandamizo wa silinda, mita ya umeme na taa ya taimingi (ya kukagua wakati cheche ya plagi inapopiga).
- Mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi, pamoja na grainda.
- Miwani, kofia ya kuchomelea, glavu, barakoa inayochuja vumbi, na kizima-moto kilicho karibu na mkono.
- Daftari, kalamu isiyofutika, lebo, na mifuko midogo ya plastiki mingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Hatua za kazi

1. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Piga kila upande, kila kona ya chumba cha injini, kila njia ya waya na ya paipu, na ujumuishe kile unachoamini kuwa huwezi kukisahau. Baada ya miezi kumi na minane utakuwa umekisahau. Gari langu la kwanza niliweka bolti zote katika kopo moja, nikijiambia kwamba kila moja itaonyesha yenyewe mahali pake, na nilipoteza siku nyingi nikijaribu bolti moja katika matundu kumi. Tangu hapo kila kundi la bolti huingia katika mfuko wake, na lebo husema zilitoka wapi, zilikuwa ngapi, na ipi ilikuwa ndefu kuliko nyingine.

2. Lichunguze gari likiwa bado zima. Ikiwa injini inazunguka, toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho ili koo za kabureta ziwe wazi, kisha pima mgandamizo wa kila silinda. Kitazamwacho zaidi ni tofauti baina ya silinda: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, mwaga kijiko cha oili katika iliyo dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, valvu hazifungi au gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Andika pia taa zipi zinawaka, gia zipi zinaruka na breki inavuta upande gani. Orodha hii ndiyo itakayokuambia nini kinahitaji kufunguliwa. Kitu kinachofanya kazi vizuri kisafishe, kikague, ukirudishe. Si lazima kila kitu kifumuliwe.

Kama injini imekwama, usiivute kwa gari jingine wala kuilazimisha kwa stata. Mimina mafuta ya kupenya katika kila silinda kupitia tundu la plagi, yaache kwa siku kadhaa ukiongeza kidogo kidogo, kisha jaribu kuizungusha kwa spana ndefu kwenye bolti ya mbele ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), mbele kidogo na nyuma kidogo.

3. Fungua kwa mafungu, na ujue utakachofanya na kila fungu kabla ya kulifungua linalofuata. Anza na viti, mazulia na mapambo ya ndani, kisha bampa na kromu, kisha injini pamoja na giaboksi, ambavyo katika MGB hutoka kwa urahisi vikiwa vimeungana. Tangi la petroli litoke mapema, liwekwe mbali na mahali pa kuchomelea. Nati iliyoshikwa na kutu ipewe mafuta ya kupenya usiku kucha, kisha ipashwe moto ikibidi, mradi hakuna mpira, petroli wala hozi ya breki karibu. Nguvu ya mkono iwe ya mwisho. Usitupe kipuri cha zamani hadi kipya kiwe kimefungwa na kukaa sawasawa, kwa sababu vipuri vipya havifanani kila mara na vya kiwandani, na cha zamani ndicho kigezo chako.

Tahadhari: vumbi lililo ndani ya ngoma za breki na katika klachi za zamani mara nyingi lina asbesto. Usilipulize kwa upepo wa kompresa; lilowanishe, lifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa hicho katika mfuko uliofungwa.

4. Tengeneza bodi. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huharibu gari wakidhani wanalitengeneza. Kizingiti kimoja cha MGB kimeundwa kwa mabati kadhaa yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, na ukikata kizingiti cha gari lisilo na paa bila kulishikilia, bodi hujikunja katikati kwa milimita chache ambazo huzioni, hadi siku unaporudisha mlango ukagundua kwamba haufungi. Kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza, weka gari katika usawa, likiwa limebebwa mahali pale pale ambapo magurudumu hulibeba, yaani chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mfumo wa springi za mbele. Pili, chomelea au funga kwa bolti vyuma vya kushikilia vinavyopita katika uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kimoja juu na kingine kwa mshazari. Tatu, pima mishazari yote miwili ya uwazi huo, uiandike ukutani kwa chaki, na uipime tena kila siku kabla ya kuanza kazi. Nne, shughulikia upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili usiguswe hadi wa kwanza umalizike. Tano, kabla ya bati la nje la kizingiti kuchomelewa moja kwa moja, lishike kwa klampu, funga mlango na bawa la mbele, utazame kama nafasi pande zote ni sawa, takriban milimita 4 hadi 5. Ukiridhika ndipo uchomelee.

Kata kutu hadi ufike kwenye bati linalong'aa lenye unene wake wote. Kuchomelea bati jipya juu ya bati lililokwisha ni kazi bure, kwa maana kutu huendelea chini yake. Bati la bodi lina unene wa takriban milimita moja na hujikunja likipata joto jingi, hivyo usivute mstari mrefu: weka nukta, ruka sentimita kadhaa, weka nyingine, rudi katikati ya zile mbili, na uache bati lipoe kila mara. Kama hujawahi kuchomelea, nunua mabati chakavu ufanye mazoezi hadi uweze kukunja kiungo kwa nyundo kisipasuke.

Tahadhari tatu za kuchomelea. Tenganisha betri, na altaneta pia kama gari linayo. Usichomelee kamwe tangi la petroli, hata lililokaa tupu kwa miaka mingi, kwa sababu mvuke uliobaki ndani yake hulipuka. Na usisafishe bati kwa kisafishio cha breki chenye klorini kabla ya kuchomelea, kwani joto na mwanga wa mashine hukigeuza kuwa gesi ya fosjeni, ambayo huua.

Bati likiwa safi, lipake praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Wengi hupaka praima ya kawaida ya kusugulia msasa kisha hulala nayo miezi. Praima hiyo hunyonya unyevu, na kutu huanza chini yake bila wewe kuona. Ndani ya vizingiti na mikunjo mingine isiyofikiwa, nyunyizia nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukamilika, na uhakikishe matundu ya kutolea maji yako wazi.

5. Funga kila kitu kwa majaribio. Milango, boneti, buti, bampa, taa, fremu ya kioo cha mbele na kromu zote zirudishwe kabla ya rangi, kisha zitolewe tena. Inaonekana kama kupoteza muda, na ni hatua inayorukwa kuliko zote, lakini tundu linalohitaji kuchimbwa au ukingo unaohitaji kusuguliwa ni afadhali ugundulike sasa kuliko rangi ikiwa imekauka.

6. Rangi. Ushauri wangu ni kwamba msasa, pati nyembamba na praima ufanye mwenyewe, na rangi ya mwisho umwachie fundi mwenye chumba cha kupulizia. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishi huwa na isosayanati, zinazoharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haikukingi; kunahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Pati isizidi milimita mbili au tatu. Ikihitajika zaidi ya hapo, bati halijanyooka, rudi kwenye nyundo.

7. Wakati bodi iko kwa mpaka rangi, tengeneza injini mezani. Toa maji yote kabla ya kufungua roka (mikono inayosukuma valvu): katika injini hii baadhi ya nati zinazoshika roka ndizo zinazoshika kichwa pia, kwa hiyo nati zote za kichwa hulegezwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mpangilio wa kitabu. Peleka kichwa, bloku na krenki kwa fundi wa mashine apime uchakavu na nyufa. Kazi hii haifanyiki kwa macho. Mwombe aweke viti vigumu vya valvu za ekzosi, kwa sababu injini za enzi hiyo zilitegemea risasi iliyokuwa katika petroli kulinda viti hivyo. Ng'oa pia vifuniko vidogo vya duara vilivyo ubavuni mwa bloku, ukwangue tope lililoganda ndani, hasa kuizunguka silinda ya nne. Injini nyingi zinazosemwa kuwa zina tabia ya kuchemka zina tope hilo tu.

Wakati wa kufunga, kila beringi ipakwe oili nzito ya kufungia, kila ringi ya pistoni ipimwe nafasi yake ndani ya silinda, na kila bolti ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kwa namba iliyo kitabuni. Nati za kichwa hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Kuhusu nafasi za valvu, kuna kanuni rahisi: hesabu valvu kuanzia mbele, 1 hadi 8, na pale ambapo mojawapo imefunguka kabisa, toa namba yake katika 9, jibu ndilo valvu unayorekebisha. Valvu ya 3 ikifunguka, rekebisha ya 6. Kipimo katika injini nyingi za MGB ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38, injini ikiwa baridi.

8. Rudisha mfumo wa chini na breki. Bushi zote, hozi zote za breki na silinda zote za breki ziwe mpya. Hapa hakuna cha kuhifadhi kwa sababu kinaonekana bado kizuri. Paipu za breki ziwe za shaba iliyochanganywa na nikeli, zinazokunjika kwa mkono na zisizoshika kutu. Tumia oili ya breki ya DOT 4, uibadilishe kila baada ya miaka miwili, wala usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Oili ya injini au grisi ya kawaida isiguse mpira wowote wa breki, kwani huuvimbisha.

Kama gari lako lina magurudumu ya waya yanayofungwa kwa nati moja ya katikati, paka grisi kwenye meno ya habu, na hakikisha habu za kushoto na za kulia hazijabadilishana. Nyuzi zake zimekatwa kinyume makusudi. Zikibadilishana, gurudumu hujifungua gari likitembea. Tairi nazo zisome tarehe: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka kumi haifai, hata ikiwa haijawahi kukanyaga barabara.

9. Mfumo wa petroli. Osha tangi au libadilishe, weka filta mpya, na uondoe hozi zote za mpira za zamani, kwa sababu petroli yenye ethanoli huzila kwa ndani. Hozi mpya ziwe na alama ya R9. Kabureta za SU (aina iliyofungwa katika MGB nyingi) zifungue, usafishe, ubadilishe gasketi na sindano, kisha ujaze oili nyepesi katika kuba zake.

10. Umeme. Magari ya MGB yaliyotoka kabla ya mwisho wa mwaka 1967 yaliunganishwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na yaliyofuata ncha hasi. Thibitisha lako ni lipi kabla ya kufunga betri, kwa kuwa altaneta iliyounganishwa kinyume huungua papo hapo. Rangi za nyaya za Lucas (kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari ya Uingereza) zikieleweka, hofu yote huisha: kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi; nyeupe hupata umeme swichi ikifunguliwa; kijani ni ile nyeupe baada ya kupita fyuzi; zambarau ina fyuzi na ina umeme wakati wote; nyekundu ni ya taa ndogo, buluu ya taa kubwa, na nyeusi ni ya kurudisha kwenye bodi. Matatizo mengi yanayolaumiwa kwa nyaya ni ya viungo: kila mahali waya mweusi unapofungwa, kwangua rangi hadi chuma king'ae.

Usisahau ule mkanda wa waya mnene unaounganisha injini na bodi. Ukisahauliwa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni kebo ya choki, ambayo hupata moto hadi kuyeyusha gamba lake.

11. Uwashaji wa kwanza. Jaza oili ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha kwa injini za zamani. Toa plagi na uzungushe injini kwa stata, kwa vipindi vifupi, hadi geji ya oili ipande. Ndipo urudishe plagi, uunganishe nyaya zake kwa mpangilio wa kuwaka wa 1-3-4-2, uweke taimingi, na uwashe. Kama kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ni mpya, usiiache injini ikinguruma polepole hata kidogo: ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, uibakize hapo na juu kidogo kwa dakika 20, huku ukitazama oili na joto. Kamshafti nyingi huharibika katika dakika hizo za mwanzo, mwenye gari akiwa anashangilia mlio. Awepo mtu wa pili mwenye kizima-moto.

12. Rekebisha kabureta injini ikiwa imepata joto. Inua pistoni ya kabureta kwa takriban milimita 0.8 tu. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache. Mlio ukipanda kidogo kisha ukarudi, umepatia. Zungusha nati ya chini upande mmoja wa pembe sita kwa wakati, si zaidi, na uhakikishe kwanza kabureta zote mbili zinavuta hewa sawa.

13. Jaribu barabarani. Safari ya kwanza iwe fupi, mahali pasipo na magari, kwa kujaribu breki peke yake. Ya pili iwe ya kilomita chache, kisha urudi, gari lipoe, ukaze tena nati za magurudumu na za usukani, na uangalie kila mahali panapovuja. Kama muuzaji wa gasketi ya kichwa ameagiza nati zikazwe upya, fanya hivyo kisha upime valvu tena. Baada ya kilomita 800 hivi badilisha oili na filta.

Gari likikataa

Haliwaki kabisa. Fungua swichi usikilize pampu ya petroli nyuma. Ikigonga mara chache kisha ikanyamaza, petroli imefika. Ikigonga bila kukoma, tangi ni tupu, inavuta hewa mahali fulani, au sindano ya kabureta haifungi na petroli inamwagika. Isipogonga kabisa, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, pointi zake (vikutanisho vya umeme) zimechafuka kwa kukaa. Petroli ikiwepo, tazama cheche kwenye plagi, kisha pima pointi za distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche), ambazo nafasi yake ni inchi 0.014 hadi 0.016.

Linachemka. Kwanza shuku taimingi iliyochelewa, kisha hewa iliyonaswa katika mfumo wa maji, kisha rejeta iliyoziba. Kuondoa thamostati si dawa.

Linatoa moshi. Wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi, na mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Linaendelea kunguruma baada ya kuzima swichi. Punguza mzunguko wa chini, kagua taimingi, na utazame kama hewa inaingia mahali pasipostahili kwenye kabureta.

Kanyagio la breki ni laini. Toa hewa tena ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na urekebishe kwanza breki za ngoma za nyuma, kwa maana ngoma zilizolegea hufanana sana na hewa.

Gia zinakwaruza zikiingia. Mara nyingi ni hewa katika mfumo wa klachi. Paipu yake ina mahali palipoinuka ambapo hewa hukwama, kwa hiyo sukuma oili kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano, kuanzia silinda ya chini hadi hewa itokee kwenye kikopo cha juu. Kikopo kisijae kupita kiasi, kwa sababu oili ya breki huchubua rangi, na pale chini yake ndipo utakapokuwa umepaka rangi mpya.